Volti Ishirini na Tano

Kama Gichuru angeleta redio peke yake, bila ile karatasi, pengine mambo yangeisha kimya kimya. Awiti angeifungua, angesema imekufa, na kila mtu angeenda zake. Lakini kuna watu hawatosheki na uwongo mpaka uwe na muhuri juu yake, na Gichuru alikuwa mmoja wao.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, kibandani kwa Awiti pale Kambi Muru, mtaani Kibera. Kwa miaka kumi na minane Awiti alitengeneza redio za kampuni moja ya teksi mjini, mpaka simu zikazifukuza zile redio barabarani, naye akarudi Kibera na kisanduku cha vifaa, mita yake ya kupimia, na mdomo wake. Watu wote wa hapo walimjua kwa jina la Mama Tonny. Mama Tonny atakutengenezea kitu chako na atakutusi kwa jinsi ulivyokiharibu, na yote mawili ni kwa bei moja.

Hope aliingia amekumbatia redio iliyofungwa kwa leso. Alikuwa jirani, mlango wa tatu kutoka kwa Awiti, mwanamke wa miaka thelathini asiyejua kupiga kelele. Kazi yake ilikuwa Kawangware. Huko wenye ploti kumi na mbili za nyumba za kupanga walikuwa wameungana kuweka walinzi, kila geti na wokitoki yake, na redio moja kubwa, ile wanayoiita besi, ikakaa ofisini kwa Gichuru, mwenyekiti wao. Mlinzi akiona jambo anabonyeza na kuita besi. Besi inaita wenzake waje, na inapigia polisi. Hope ndiye aliyekaa kwenye besi kutwa nzima, kazi yake kusikia.

"Mama Tonny, nimetumwa kwako," alisema.

"Umetumwa na nani asubuhi hii? Kaa kwanza. Umekunywa chai?"

Hope hakukaa. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza bila kuitazama. Awiti akavaa miwani, akasoma. Ilikuwa imechapwa vizuri kwa kompyuta. Mimi fundi niliyetajwa hapa chini nimeikagua redio na nathibitisha kwamba imeharibiwa na uzembe wa opereta, aliyechajia simu yake kwenye redio na kulala kazini. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi, na pembeni mtu alikuwa amechora duara kwa kalamu na kuandika ndani yake: muhuri hapa.

"Yawa!" Awiti alivua miwani, akaivaa tena. "Ameniandikia mpaka nilichokiona, na mimi sijaona kitu! Hata bisibisi sijashika! Huyu mzee ananijua mimi ama ananisikia tu?"

"Amesema nikirudi bila hiyo barua, basi mimi ndiye nimejishtaki."

"Na akakupa wewe mwenyewe uibebe."

"Mimi mwenyewe."

Awiti alimtazama, na hasira ikampanda hadi masikioni. Kumfukuza mtu kazi ni jambo moja. Kumtuma mtu aende kwa miguu yake kuleta kamba ya kujinyongea, hilo ni jambo lingine kabisa, na mwenye kulifanya anajua anachokifanya.

Kisa chenyewe Awiti alikuwa amekisikia nusu nusu, maana mtaa haufichi. Jumamosi saa tano mchana, watu wakiwa makazini, vijana wanne walivamia ploti ya geti la nne. Mlinzi wa hapo, Shivachi, aliita besi akaita tena, besi kimya. Walimvunja mkono wakaondoka na walichotaka, wanatembea tu. Gichuru alipofika ofisini alikuta kiti cha opereta kitupu na redio imekufa. Kabla ya saa nane sauti yake ilikuwa tayari kwenye WhatsApp ya wenye ploti na walinzi wote, akitaja jina la Hope mara mbili na kusema alikuwa amelala.

"Na kiti kilikuwa kitupu kwa nini?" Awiti aliuliza.

"Redio ilizima, Mama Tonny. Nikampigia mzee, hakushika. Nikaona nikikaa hapo na redio imekufa ni bure, heri nizunguke geti kwa geti niwaambie walinzi hakuna besi, wapigane simu. Nilianza geti ya kwanza. Nilipofika ya nne nikamkuta Shivachi chini. Mimi ndiye nilimfunga ule mkono kwa leso yangu. Lakini alikuwa hajitambui, hajui ni nani. Jana nimeenda hospitali kumwona, mke wake Jentrix akanifungia mlango. Akaniambia niende nikalale."

Akajifuta macho kwa kiganja. Na ujue Hope hakuwa akililia mshahara. Kazi ya ulinzi na redio watu wanaitana kwa majina. Ukishaitwa opereta aliyelala mwenzake akipigwa, hakuna geti Nairobi litakalokufungukia. Zaidi ya hapo, Shivachi alikuwa mtu wake, mwaka mzima wanasalimiana hewani kila asubuhi. Sasa alikuwa amelala na mkono kwenye plasta, akiamini Hope alimwacha.

"Leta hiyo maiti hapa," Awiti alisema.

Alifungua leso, na kabla ya skrubu ya kwanza kutoka alisikia harufu. Fundi wa redio anaijua hiyo harufu, ni ya plastiki iliyopikwa. Hakuigusa redio. Alianza na waya wa umeme, kama alivyofundishwa, kwa sababu redio husema uwongo mara chache na waya hausemi uwongo kabisa. Katikati ya waya kulikuwa na kidude cheusi cha kuwekea fyuzi. Alikizungusha, kikafunguka, na kilichomo kikaanguka mezani.

Fyuzi ilikuwa imeungua, kioo cheusi tititi. Na ilikuwa imevikwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, imezungushwa vizuri kabisa, mzunguko juu ya mzunguko.

"Wewe unavuta?"

"Mimi? Hapana!"

"Umewahi kufungua hapa?"

"Sikujua hata kunafunguka, Mama Tonny."

Awiti aliiinua ile fyuzi kwenye mwanga. Kibera nzima na Kawangware nzima wanafanya hivi, aliwaona kila wiki: fyuzi ikikatika, hakuna wa kuuliza kwa nini imekatika, wanaivika karatasi ya sigara ili umeme upite, na maisha yanaendelea. Yaani mlinzi wako anakuambia kuna mwizi, wewe unamziba mdomo.

Akafungua redio. Pale umeme unapoingilia, kwenye bodi, kuna kijidude kidogo kinacholinda. Volti zikizidi chenyewe kinajitoa mhanga, kinakata fyuzi ili redio ipone. Hicho kilikuwa kimepasuka, nusu yake imepotea, na bodi chini yake nyeusi. Alifuata njia ya umeme na mita, hatua kwa hatua. Sehemu ya kupunguza umeme, imekufa. Ya sauti, imekufa. Transista kubwa ya kurushia mawimbi, imekufa na imebadilika rangi.

"Hope, nijibu pole pole. Jumamosi ulipofika ilikuwaje?"

"Ilikuwa inaongea. Lakini kwa nguvu sana, taa zake kali, na mwili wake moto, huwezi kuwekelea mkono. Nilimpigia mzee saa mbili nikamwambia, mzee, redio ni moto. Akacheka. Akaniambia ni moto kwa sababu sasa ina nguvu."

"Ina nguvu!"

"Ndiyo alivyosema. Saa tano kasoro geti ya pili wakaita, nikabonyeza nijibu, ikatoa mlio mmoja, taff, na moshi."

Awiti aliweka mita chini.

"Sikiza," alisema. "Hii haikufa kwa simu. Simu inakunywa umeme, haimwagi. Chaji simu kumi, redio itachoka, haitapikwa. Hii imelishwa volti mara mbili ya zile inazotaka, na mtu aliambiwa na fyuzi, akaiziba fyuzi mdomo. Sasa nataka kuona hiyo nguvu ya mzee inatoka wapi. Beba leso yako, tunaenda."

"Na barua?"

"Hiyo ninaibeba mimi."

Walichukua boda mbili, na saa sita walikuwa Kawangware. Ofisi ya Gichuru ilikuwa chumba cha chini kwenye ploti yake kubwa, na kamati ilikuwa imekaa tayari, maana ilikuwa inangoja muhuri. Gichuru mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, mzee mnene mwenye koti la ngozi, aliyepata utajiri wake kwa malori ya mawe na hakuchoka kuusimulia. Pembeni yake alikaa mama Nduta, katibu, mwenye ploti mbili. Antony, dereva wa Gichuru, alikuwa amesimama mlangoni. Na kwenye benchi ukutani, mkono kwenye plasta na wokitoki yake kiunoni kwa mazoea, alikuwa Shivachi, aliyeruhusiwa kutoka hospitali asubuhi hiyo.

"Umeamkaje, Shivachi," Hope alisema.

Shivachi aligeuza uso, akatazama dirisha. Awiti aliliona hilo, na likamuuma kuliko barua.

"Mama fundi, karibu," Gichuru alisema. "Umekuja mpaka huku, si ungetuma tu? Barua iko?"

"Iko. Betri yenu iko wapi?"

"Betri ya nini?"

"Ya redio, mzee. Redio haikuwa inakula ugali."

Mama Nduta alicheka kidogo kisha akajizuia. Gichuru alionyesha chini ya meza kwa mguu. Kulikuwa na gunia, na Awiti alipolivuta akaona betri mbili kubwa za lori, zimekaa bega kwa bega, waya mfupi mnene ukitoka chanya ya hii kwenda hasi ya ile. Alipiga magoti, mifupa ikilia, akaweka ncha za mita. Kisha, ncha bado zimeshika betri, akaiinua ile mita na kumpa Nduta mkononi.

"Katibu, soma kwa sauti."

"Ishirini na tano... nukta tatu."

"Sasa soma hapa." Alimgeuzia mgongo wa ile redio iliyoungua. "Wameandika wenyewe waliotengeneza."

"Kumi na tatu nukta nane."

"Basi. Hakuna aliyelala. Redio imeshindiliwa volti ishirini na tano kwenye tumbo la kumi na tatu, tangu siku betri hizi zilipowekwa. Nani alizifunga hivi?"

"Mimi," Gichuru alisema, tena kwa majivuno. "Stima hapa inapotea kila mara. Betri moja ilikuwa inaisha haraka, nikaweka mbili, ikae siku mbili. Ijumaa, kwa mikono yangu. Mama, mimi nimefunga betri za lori miaka thelathini. Kila lori langu lina betri mbili, zimefungwa hivyo hivyo, na yanatembea. Betri ni betri."

"Kwa lori umefunga sawa kabisa. Lori linataka ishirini na nne. Ukizifuatanisha hivi hazikai muda mrefu, zinapiga kwa nguvu mara mbili. Redio si lori, mzee!"

"Na mbona iliongea? Ijumaa jioni iliongea, Jumamosi asubuhi iliongea! Kama ni betri, ingekufa pale pale. Imekufa mikononi mwa huyu." Alimnyooshea Hope kidole. "Nyinyi watu wa Kibera mnafunikana tu. Na nitakuonyesha."

Aliinama, akatoa boksi kwenye droo kubwa. Ndani yake kulikuwa na redio mpya, bado na nailoni yake. Kumbe alishanunua, na opereta mwingine alishatafutwa, barua ilikuwa ya kufungia hesabu tu. Alichana nailoni kwa meno, akashika waya wa ile redio, akaanza kutafuta ncha za betri.

Awiti alikunja mikono. Nikuambie ukweli, alitaka iungue. Aliitaka ile harufu ijae chumba kizima, impate Gichuru kwenye koti lake la ngozi, kamati yote ikohoe. Alikuwa ameshasema, na mita ilikuwa imesema, na aliyeambiwa mara mbili na bado anasukuma, mwache. Aliona waya mwekundu ukigusa betri. Aliona mweusi ukishuka.

Hope akaruka. Aliushika ule waya mweusi kwa mkono mtupu na kuuvuta, mpaka Gichuru akapepesuka na kushika meza.

"We! Unanishika?"

"Mbona umemzuia?" Awiti naye alifoka, hasira zote zikimgeukia Hope. "Si ungemwacha ajipikie!"

"Na ikiungua, walinzi wataita nani leo?" Hope aliuliza, waya bado mkononi. "Wako geti kumi na mbili, Mama Tonny. Wako nje saa hii. Hii ndiyo iko peke yake."

Kwenye benchi, Shivachi alikuwa amegeuza uso kutoka dirishani.

Ndipo Antony dereva akakohoa pale mlangoni. "Mzee, mimi siwezi kunyamaza tena," alisema. "Ijumaa fyuzi ilikatika mara tu ulipoweka. Nilikuambia hiyo ni ya lori, redio haitaki twenty-four. Ukaniambia nikuletee pakiti ya sigara. Jumamosi jioni nikakuambia tena, ni betri. Ukasema nikifungua mdomo nitafute lori lingine."

Haiya! Kwamba Gichuru alikosea, mtu yeyote angekosea, wenye malori wote wangekosea vile vile. Lakini Jumamosi jioni! Plasta ya Shivachi haijakauka, na mzee anajua, anajua kabisa, halafu anaenda kuandika barua kwa kompyuta. Awiti alihisi mikono ikimwasha.

"Gichuru," mama Nduta alisema taratibu, bila kumwita mzee wala mwenyekiti, "ulijua?"

Gichuru alikaa kwenye kiti chake. Kikazunguka kidogo, akakizuia kwa mguu. "Sawa," alisema. "Betri zirekebishwe. Huyu arudi kazini kesho, mshahara wake kama kawaida. Yaishe. Sisi ni watu wazima."

"Hayaishi," Hope alisema.

Awiti alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwaka wa tano wakiwa majirani, hakuwahi kumsikia akikataa kitu.

"Ulinitangaza kwa kila mtu, mzee. Kwa sauti yako. Mimi sitaki barua, na sitaki WhatsApp, hiyo watu wanafuta. Sema hewani. Geti zote zikusikie."

"Mimi niongee na mawochi wa geti?"

"Uliongea nao Jumamosi," mama Nduta alisema. "Fundi, fungeni hiyo redio vizuri."

Haikuchukua dakika kumi. Awiti alitoa ule waya mfupi wa katikati, akaunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, betri mbili zikawa kama moja yenye tumbo kubwa, jambo ambalo Gichuru alikuwa analitaka tangu mwanzo na angelipata kwa kuuliza swali moja. Akapima. Kumi na mbili nukta saba. Akaweka fyuzi mpya, bila nguo. Redio ikawaka taratibu, kijani, na Hope akampa Gichuru kipaza sauti.

Gichuru alikishika kama kitu kilichooza. Akabonyeza. "Geti zote, hapa ni mwenyekiti. Jumamosi kulikuwa na hitilafu ya mitambo. Hitilafu hiyo imerekebishwa. Opereta anarudi kazini. Ni hayo tu."

Akaachilia. Redio ikanguruma kidogo, kisha sauti ya Morris wa geti la kwanza ikatoka, wazi kabisa.

"Besi, geti ya kwanza. Sijakusikia. Rudia."

Gichuru alimtazama Awiti. "Hii kitu ni mbovu?"

"Iko sawa. Inasikika mpaka Dagoretti."

Akarudia, sauti juu zaidi. Hitilafu ya umeme, alisema safari hii. Umeme ulizidi.

"Geti ya tano. Sijasikia, besi. Rudia."

"Geti ya tisa. Hatujakusikia. Rudia."

"Geti ya pili. Rudia."

Moja baada ya nyingine ziliita, sauti za watu waliosimama kwenye jua tangu asubuhi, hakuna aliyetusi, hakuna aliyecheka, wanataka tu kusikia. Jasho lilikuwa limetoka kwenye kipara cha Gichuru. Alimtazama Nduta, Nduta akatazama vidole vyake. Alimtazama Antony, Antony akamtazama machoni. Akabonyeza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni mimi. Mimi ndiye nilichoma redio. Nilifunga betri vibaya, nikaambiwa, sikusikia. Hope hakulala. Nilijua hakulala."

Akaachilia. Hakuna geti lililojibu. Redio ilinguruma, ikangoja, na Hope alisimama hapo, macho yake kwenye sakafu.

Kwenye benchi, Shivachi alikuwa anahangaika kuitoa wokitoki kiunoni kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliileta mdomoni, hatua mbili tu kutoka aliposimama Hope, akabonyeza, na sauti yake ikasikika mara mbili, hapo chumbani na ndani ya redio.

"Besi, hapa geti ya nne," alisema. "Hope, nimesikia."